Priampu ya Tatu

Ruiru, 11 Mei 2025

Guka mpendwa,

Kabla ya salamu, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Mtu mzima akiniuliza swali, mimi hujibu ndiyo kabla sijajua ameuliza nini. Watu hudhani ni heshima. Ni woga. Nikishasema ndiyo, mtu huniacha akaendelea na mambo yake. Muhula uliopita mwalimu wa michezo alinikuta nje ya maktaba akaniuliza, "Wewe ndiye uliyesema unacheza netiboli?" Nikasema ndiyo. Niko kwenye timu mpaka leo, Guka, na sijui kudaka mpira.

Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu kwenye karatasi huwa siharakishi.

Sasa salamu. Hamjambo huko Kamenu? Goti la Cucu linaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima. Baba na Mama walinirudisha shuleni vizuri. Kutoka nyumbani kwetu hadi hapa ni mwendo wa dakika ishirini, lakini Mama alilia getini kama mtu anayemsindikiza mwanawe ng'ambo. Kidato cha tatu ni kigumu kuliko cha pili. Fizikia ndiyo ninayoipenda, na nadhani sababu ni ile mashine yako ya tepu.

Nimekuwa nikiikumbuka sana likizo ya Aprili. Usiku kabla ya kulala hurudia uliyonifundisha. Kwamba kichwa kinachosoma tepu hutoa umeme mdogo sana, na priampu ndiyo inayoukuza na kuunyoosha kabla haujafika kwenye amplifaya. Kwamba priampu yako ya kwanza ilikuwa ya mashine yenyewe, ikazeeka ikaanza kunguruma. Ya pili uliitoa kwenye mashine ya santuri, nayo ikajaza besi mpaka ile kwaya ya kiwanda chenu cha nguo, uliyoirekodi kwenye tepu, ikawa kama inaimba ndani ya pipa. Ya tatu ni hii ambayo Fundi Jared aliijenga kwa mkono kwa wiki tatu.

Sasa swali langu. Siku ya mwisho ya likizo uliniuliza kama nami naona kwamba priampu ya Jared imefifisha sauti nyembamba, hasa kayamba. Nilikujibu ndiyo. Je, umeshamrudishia Jared? Kama bado, naomba usubiri kidogo.

Msalimie Cucu sana.

Mjukuu wako,
Magda


Kamenu, Thika
24 Mei 2025

Kwa Cucu Mdogo,

Nakuita hivyo kwa kuwa jina lako ulilirithi kwa Cucu, nyanya yako, na kila nikikuita hivyo yeye hulalamika kwamba amezeeshwa. Hajambo. Goti limepungua uvimbe. Parachichi zimeanza kuanguka zenyewe, na jirani ameanza kuja kutusalimia kila asubuhi akiwa na mfuko.

Barua yako imekaa. Sanduku la posta ni la kanisa na karani hulifungua Ijumaa peke yake, na Ijumaa iliyopita alikuwa harusini. Lakini ni afadhali barua. Baba yako ananisumbua nichukue simu mpya. Simu za siku hizi hazina maana, watu wananong'ona tu.

Kuhusu netiboli, jifunze kudaka. Kuhusu woga, utaisha na umri. Mimi nilipoingia kiwandani nikiwa na miaka kumi na tisa nilimwogopa hata mfagiaji.

Umeuliza kuhusu Jared. Nilimpelekea priampu Jumamosi ileile uliyoondoka. Unakijua kibanda chake, pale unapoingilia Kiandutu. Alikuwa na wateja watatu na redio zao. Nikaiweka mezani nikamwambia, "Jared, umeniwekea kapasita za bandia."

Akasema, "Mzee Kang'ethe, hizo nilizifungua kwenye pakiti ukiwa umesimama hapo."

"Kayamba iko wapi?"

"Iko, Mzee. Iko hadi imezidi. Si nilikuchezea hapa?"

Mmoja wa wale wateja akasema, "Labda imeshuka gari pale Juja." Wakacheka.

Hapo nikamwambia, "Si mimi peke yangu. Mjukuu wangu ana masikio ya miaka kumi na sita, na ameniambia imefifia." Kicheko kikaisha. Nakushukuru kwa kusema kweli siku ile, maana bila wewe ningeonekana mzee msumbufu.

Priampu niliiacha pale pale mezani. Sasa natumia tena ile ya mashine na mngurumo wake. Kuna mtu Nairobi anauza moja ya valvu, zile taa za kioo za zamani, na nimemwandikia.

Jambo jingine. Kanisa jipya limeezekwa na kamati inatafuta fundi wa kuweka vipaza sauti. Majina ni mawili, Jared na kampuni moja ya Nairobi. Jared anaitegemea sana kazi hii. Amewaambia watu kwamba akiipata atahamia duka la mawe. Tunakaa tarehe kumi na tatu Julai baada ya ibada, na mimi kama mwanakamati nitasema ninayoyajua kuhusu kazi yake. Siwezi kunyamaza halafu kanisa liuziwe vitu vya bandia.

Soma kwa bidii.

Guka wako,
Kang'ethe


Ruiru, 1 Juni 2025

Guka mpendwa,

Nimefurahi kusikia goti la Cucu limepungua. Hapa sisi ni wazima. Baba alikuja siku ya wazazi na chapati ambazo Mama alizihesabu, nami nikazigawa bweni zima. Netiboli tulicheza na shule ya jirani. Nimedaka mara moja. Tulifungwa, lakini wenzangu walishangilia kana kwamba tumeshinda.

Nimesoma barua yako mara nne. Nina maswali, na tafadhali usidhani najifanya fundi.

La kwanza: je, waya kutoka kwenye kichwa cha tepu hadi kwenye priampu ni mrefu kiasi gani? Kuna kitabu maktabani kinachosema waya mrefu humeza sauti nyembamba. La pili: je, kichwa chenyewe hakijaingia sumaku au uchafu? La tatu: ile swichi ambayo Jared aliweka, ya kuchagua mpangilio wa Ulaya au wa Marekani, mwishowe uliiacha upande gani? La nne: je, inawezekana kwamba kosa lipo, lakini si la Jared?

Na kuhusu nilichosema Aprili, ningeomba usikitumie kama ushahidi kwenye kamati. Mimi si fundi.

Nimeandika mistari mingine hapa nikaifuta. Samahani kwa uchafu wa karatasi.

Mjukuu wako,
Magda


Kamenu, Thika
14 Juni 2025

Cucu Mdogo,

Cucu anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Huku baridi imeingia na asubuhi mlima hauonekani. Baba yako alipita Jumapili, akala, akalala kwenye kiti, akaondoka.

Maswali yako ni mazuri, na yote nilijiuliza kabla ya kumlaumu mtu. Waya niliukata ukawa mfupi kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Kichwa nilikisafisha kwa spiriti na pamba, kisha nikakitoa sumaku kwa kile kifaa ulichokiona. Ethi, ule waya wa kwenda ardhini, niliifunga upya. Kuhusu swichi, unajua kwamba anayerekodi huinua sauti fulani makusudi na anayecheza lazima aishushe kwa kipimo kilekile, na Wamarekani na Wazungu wa Ulaya hawakupatana kuhusu kipimo. Tepu zangu ni za mpangilio wa Marekani. Nilipoigeuza swichi kwa Ulaya ikawa afadhali kidogo. Kayamba haikuja, lakini ilikuwa afadhali. Cucu wako alitoka nje akasema sauti inamkata meno. Cucu hajawahi kuelewana na mashine.

Sasa nikueleze kwa nini nasumbuka na kayamba. Aliyeicheza ni Ndung'u. Alikuwa kwenye mtambo wa kufuma uliotazamana na wangu kwa miaka kumi na tisa. Ukumbi ule ulikuwa na mitambo mia mbili, na hakuna aliyemsikia mwenzake mle ndani, hata ukipiga kelele sikioni. Tulisomana midomo. Ndung'u aliweza kunisimulia mechi nzima ya Jumapili kutoka ng'ambo ya uzi, na msimamizi akipita katikati asijue tunazungumza. Jioni tulikwenda kwenye mazoezi ya kwaya kantini, na hapo ndipo nilipomsikia. Kiwanda kilipofungwa wakauza vitu vya ofisi, nikanunua mashine ileile niliyokuwa nikirekodia kwaya. Ndung'u alizikwa mwaka wa 2011. Kwenye tepu zile Cucu wako nampata, wanaume wa sauti ya chini nawapata, hata kiti kinachoburutwa nakipata. Ndung'u simpati. Na yumo, nilimrekodi mwenyewe.

Unasema wewe si fundi. Kwenye kamati hawaulizi kama mtu ni fundi, wanauliza kama amesikia. Umesikia, ukasema.

Njoo likizo fupi.

Guka


Ruiru, 30 Juni 2025

Guka mpendwa,

Asante kwa siku nne za likizo fupi. Tulifika salama, na Mama alizifurahia parachichi. Asante pia kwa kunionyesha picha ya kiwanda. Nilikuwa nimekuja nikiwa na jambo la kukuambia, na siku zote nne sikulisema. Ijumaa nililifikisha hadi mlangoni. Jumamosi ulikuwa na wageni. Jumapili ulikuwa umefurahi.

Nianzie darasani. Wiki moja kabla ya likizo, Madam Nafuna, mwalimu wetu wa fizikia, alileta maabara kifaa kinachotoa mlio unaopanda polepole. Alituambia tufunge macho na tuinue mikono, na kila mtu aushushe wake mlio ukipotea. Mlio ulipanda. Ukawa mwembamba kama sindano. Akasema tufungue macho. Sisi sote mikono ilikuwa juu. Wa Madam ulikuwa chini, na akasema wa mzee anayetunza maabara ulishuka kabla ya wake. Jackie, anayekaa nami, akasema, "Madam, mbona umeshusha na bado inalia?" Madam akasema, "Kwangu imenyamaza kitambo. Ninyi ni watoto." Kisha akatueleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza, na waliofanya kazi kwenye kelele kwa miaka mingi huzipoteza mapema zaidi. Akasema mwenyewe huwa wa mwisho kujua, kwa sababu hahisi kwamba amepungukiwa na kitu. Huona kwamba ni vitu ndivyo vimefifia.

Nilikaa nikafikiria kuhusu mitambo mia mbili.

Ijumaa ya likizo fupi ulikuwa umeketi sebuleni, mgongo kwa mlango. Nikasema, "Guka, chai." Nikasema tena. Mara ya tatu nilisema kwa sauti niliyodhani majirani wameisikia. Kisha Cucu akapita kando yangu, akakugusa bega, akazunguka mbele, akasema neno lilelile kwa sauti ya chini kuliko yangu. Ukamjibu. Nilimfuata Cucu jikoni nikamwuliza huwa anafanya hivyo tangu lini. Akasema, "Kufanya nini?" Hakuwa anaficha. Nadhani amefanya miaka mingi hata haoni tena.

Sasa jambo lenyewe. Ile siku ya Aprili ulinitazama ukaniuliza, "Nawe umeona kayamba imefifia, sivyo?" Guka, nilikuwa nimeisikia kayamba tangu mwanzo wa wimbo. Ilikuwa kali kuliko sauti zote, hasa ulipoiweka swichi kwa Ulaya. Nilidhani wewe uliyesikiliza tepu hizi miaka mingi unasikia kasoro ambayo mimi sijafundishwa kuisikia, nikaona aibu. Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli.

Jared hakukuwekea vitu vya bandia. Priampu ile ni nzuri. Ya valvu haitamrudisha Ndung'u, wala nyingine yoyote. Naomba tarehe kumi na tatu usiseme habari za kapasita, kwa sababu ukisema utakuwa unategemea neno langu, na neno langu lilikuwa uongo.

Najua umekasirika unaposoma hapa. Nilipaswa kukuambia ana kwa ana na sikuweza.

Ijumaa mbili za karani zilizobaki kabla ya kamati ni chache mno, kwa hiyo barua hii sitaipeleka posta. Gari la mkate huja hapa shuleni kila Jumanne na Ijumaa kutoka Eneo la Viwanda. Nitamwomba dereva. Sijui hata jina lake.

Mjukuu wako,
Magda

Jumanne asubuhi: Anaitwa Bwana Kyengo. Anasema hupita Kamenu kupeleka mkate Ijumaa. Ameniuliza kama ni barua ya mvulana. Nimesema hapana.


Kamenu, Thika
15 Julai 2025

Magda,

Sisi ni wazima. Goti la Cucu limerudi kuuma kwa sababu ya baridi. Ng'ombe wa jirani amezaa ndama dume. Mvua ya manyunyu haikatiki, nguo hazikauki, na Cucu amezitundika hadi juu ya mashine ya tepu. Parachichi zimekwisha.

Bwana Kyengo alileta barua Ijumaa ya tarehe nne. Alikataa chai. Niliisoma mara moja nikaiweka ndani ya Biblia.

Jumapili kamati ilikaa. Mwenyekiti akasema, "Mzee Kang'ethe, tumesikia una neno kuhusu huyu fundi wa Kiandutu."

Nikasimama. Nikasema, "Nilikuwa nalo. Nimeliondoa."

"Tulisikia kapasita za bandia."

"Mlisikia kutoka kwangu. Si kweli."

"Sasa ni nini kimebadilika, Mzee?"

Nikasema, "Sina zaidi," nikaketi.

Kulikuwa na mtu ameketi ng'ambo ya meza. Akainama kwa mwenzake akasema, "Ameshapewa kitu huyu." Alinong'ona, na mkono haukufika mdomoni kwa wakati. Sikumsikia. Nilimwona. Miaka yote hii, Magda, nimedhani ninasikia.

Hawakuamua. Wamesema habari za kapasita zimeenea mno mjini, kwamba hata wateja wa Jared wamepungua, na sasa mzee mmoja amegeuka bila kutoa sababu. Watakaa tena tarehe kumi Agosti.

Kwa Jared sijaenda. Nimepita pale mara mbili nikaendelea na safari kama mtu mwenye haraka. Nimekaa na kufikiria nitamwambia nini. Nikimwambia kapasita ni nzuri ataniuliza basi kayamba ilienda wapi, na watu watakuwa wamesimama.

Nimekasirika. Sijui kama ni wewe ninayekukasirikia. Nilikutaja pale kwa Jared mbele ya watu kama shahidi, na ushahidi huo bado uko pale. Sikutumi mahali. Nakueleza tu mambo yalivyo.

Kuhusu masikio, tusiandikiane.

Guka


Ruiru, 4 Agosti 2025

Guka mpendwa,

Natumaini ulirudi salama kutoka Gatanga na kwamba dada yako anaendelea vizuri. Sisi tulifunga shule Ijumaa. Nilikuwa wa tano darasani. Mama amenishonea sketi mpya, na Baba anauliza kila siku kama bado niko kwenye timu ya netiboli. Bado niko.

Cucu atakuwa amekueleza kwamba nilikuja Jumamosi ukiwa hupo. Hajui nilikopitia kwanza, kwa hiyo nakuandikia mimi mwenyewe kama mambo yalivyokuwa.

Nilifika kwa Jared saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi nikayakariri njiani. Kulikuwa na wanaume wawili kwenye benchi wakingojea redio, na mmoja wao nimewahi kumwona kanisani kwenu. Mke wa Jared, Mama Auma, alikuwa kibanda cha pili akikaanga mandazi. Jared alikuwa ameinamia redio, akiunganisha nyaya kwa solda. Nilisimama pale mpaka moshi ukaisha.

Akaniuliza, "Unasemaje, msichana?"

Karatasi yote ilitoka kichwani. Nikasema, "Mimi ni mjukuu wa Mzee Kang'ethe. Ndiye niliyesema kayamba imefifia. Nilisema uongo."

Aliweka solda chini. "Wewe ndiye yule wa masikio ya miaka kumi na sita?"

"Ndiyo."

"Rudia, Mama Auma asikie. Hajalala vizuri tangu Mei."

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nilisema kwamba kayamba niliisikia vizuri, kwamba kazi ni safi, na kwamba nilijibu ndiyo kwa sababu nilikuwa naogopa kumpinga mtu mzima. Mama Auma alikuja na uma wa mandazi mkononi. Akanitazama kutoka viatu hadi kichwa. Akasema, "Uoga wako umetukalisha njaa, mwanangu." Nikasema pole.

Yule wa kanisani akasema, "Ngoja kwanza. Kama wewe uliisikia, na mzee anasema haiko, basi ni mzee ndiye hasikii?"

Guka, hilo sikuwa nimelikariri. Wote walikuwa wananitazama. Mwingine akasema, "Si ajibu, ni swali rahisi." Najua kwamba zamani ningesema ndiyo hata bila kuelewa. Safari hii nilikuwa nimeelewa, na bado ndiyo ilikuwa imefika mdomoni.

Nikasema, "Mimi nimesema langu. La Guka muulizeni Guka."

"Ah, huyu ana kiburi," akasema yule wa kanisani.

Jared akasema, "Mwache. Amesema kazi ni safi. Hiyo ndiyo nilikuwa naitaka." Kisha akamwambia, "Na wewe, kwa vile uko karibu na kamati, ubebe na habari hii kama ulivyobeba ile nyingine." Mtu huyo akatazama redio yake.

Walipoondoka, Jared alitoa priampu yako chini ya meza. Alikuwa ameifunga kwa gazeti, akanipa niirudishe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi niliona kutoka siku ya kwanza. Nikigeuka kutafuta bisibisi, mzee anaacha kunijibu. Nikimtazama, anajibu. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile alipoaibishwa.

Akasema, "Mbele ya watu watatu? Mzee kama yule?" Akaanza kufungua redio nyingine. Ananiomba nikuambie kwamba ukipita usiendelee na safari.

Nilimwahidi kwamba Jumapili ya tarehe kumi nitakuja kanisani kwenu, na kamati ikitaka kuniuliza nitakuwa nje kwenye ngazi. Baba amekubali kunileta. Nitawajibu kuhusu kapasita na kuhusu uongo wangu, basi. Lile jingine ni lako, na sitaligusa mpaka useme.

Kutoka hapo nilikwenda Kamenu. Cucu alinipa uji. Nilimwomba ruhusa ya kugusa mashine, akasema nisimwache peke yake nayo. Niliondoa nguo zilizotundikwa. Nilichomoa waya kwenye priampu ya mashine nikafunga ya Jared kama ulivyonionyesha, waya mfupi, ethi kwanza. Hakukuwa na mngurumo. Niliigeuza swichi kwa Marekani. Nikaweka tepu ya kwaya, ile yenye alama nyekundu, na Cucu hakutoka nje. Alikaa mpaka mwisho, akaniambia mahali anapoimba yeye.

Kisha niliirudisha tepu mwanzo, nikaweka kile kihesabio cha namba, kinachoonyesha tepu imefika wapi, kwenye sifuri, nikachukua penseli. Niliicheza wimbo kwa wimbo, na kila kayamba ilipoingia nilisimamisha mashine nikaandika namba. Nilichoandika kiko ndani ya sanduku la tepu, kurasa tatu, uzifuate namba tepu ikicheza. Kwa mfano, wimbo wa kwanza, Ndung'u anaanza kwenye 014, polepole, anaacha kwenye 052 waimbaji wa kike wanapoingia peke yao, anarudi kwenye 060 akiwa ameongeza mwendo. Kwenye wimbo wa nne, 231, anakosea na kumalizia pigo moja baada ya wote kunyamaza, na mtu anacheka. Nadhani anayecheka ni wewe.

Ilinichukua mpaka saa kumi. Niliizima mashine, nikaifunika kwa kitambaa chake, nikamuaga Cucu na kurudi Ruiru.

Mjukuu wako,
Magda